Bawabu Si Mwizi

Wapo mafundi wa kompyuta, tena wenye heshima zao, ambao ukiwatajia habari ya kudaka wito wa programu kabla haujafika kwenye maktaba ya michoro hukunja uso kana kwamba umewatajia funguo bandia. Husema huo ni uhuni. Husema fundi mstaarabu huisubiri kampuni iliyotunga programu irekebishe kilichoharibika, na kama kampuni haipo tena, basi hununua programu nyingine. Mimi nasema hayo ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kukosa fedha ya kununua nyingine. Katika kurasa hizi nitalitetea jambo hilo linaloitwa uhuni, na sitaomba radhi. Naamini kwamba anayeufunga mlango huo anamnyang'anya mwenye mashine haki ya kujua kinachopita ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nianze kwa kueleza jambo lenyewe, maana si kila msomaji ni fundi, na ubishi juu ya kitu kisichoeleweka ni kelele tu.

Programu iliyoandikwa kwa lugha ya C aghalabu haibebi kila kitu mgongoni. Ikitaka kuchora pembetatu kwenye kioo, haijui yenyewe namna ya kuzungumza na kadi ya michoro. Huazima. Huita funksheni kwa jina, na funksheni hiyo imo katika maktaba inayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Katika Linux maktaba hiyo huitwa libGL.so.1, nayo hutekeleza OpenGL, kanuni za michoro zilizoanzishwa na kampuni ya Silicon Graphics mwaka 1992. Programu inapoanza, kiunganishi cha mfumo hupitia maktaba moja baada ya nyingine kwa zamu kikilitafuta jina lililoitwa, na la kwanza kupatikana ndilo litumikalo. Siri yote ipo hapo. Ukitunga maktaba yako ndogo yenye funksheni ya jina lilelile, ukaitaja katika LD_PRELOAD kabla ya kuianzisha programu, kiunganishi kitaikuta yako mwanzo. Programu itapiga hodi kwa libGL, na atakayeitikia ni bawabu wako.

Chukua mfano wa glXSwapBuffers. Programu ya OpenGL inayoonyeshwa katika mfumo wa X kwa kawaida huiita kila inapomaliza kuchora picha moja, ili picha hiyo itoke nyuma ya pazia na kuonekana. Bawabu huudaka wito huo. Huenda akahesabu picha ngapi zimepita kwa sekunde, huenda akapima muda, huenda akanakili pikseli. Kisha huiita glXSwapBuffers ya kweli, ambayo anwani yake ameipata kwa kumwuliza dlsym kwa neno RTLD_NEXT, yaani: nipe mwenye jina hili anayefuata baada yangu. Kazi yote ni mistari kumi na kitu. Programu yenyewe haijaguswa hata herufi moja, na faili lake katika diski ni lilelile lililonunuliwa.

Je, haya ni mambo ya kuchezea tu? La hasha. Ipo programu iitwayo VirtualGL, ambayo kwa miaka mingi imewawezesha wahandisi na wanasayansi kukaa mbele ya kompyuta dhaifu wakatumia kadi kubwa ya michoro iliyo katika seva mbali nao. VirtualGL husimama kati kwa njia hiihii: hudaka miito ya kuandaa dirisha na ya kutoa picha, huielekeza michoro ifanyike katika kadi ya seva, kisha husoma pikseli zilizokamilika na kuzipeleka kwa mtumiaji. Ipo apitrace, ambayo hurekodi kila wito wa OpenGL ili fundi aurudie polepole na kuona ni wapi mchoro ulipoharibika. Na kabla ya watu kuizoea hiyo, Bruce Merry wa Afrika Kusini alikwisha tunga BuGLe, chombo cha kutafuta makosa ya OpenGL kwa kudaka miito. Hawa wote ni mabawabu. Ukiwaita wahuni, itakubidi uwaite wahuni pia watafiti waliokaa mbele ya vyombo hivyo wakifanya kazi ya halali.

Lakini kuna mlango wa pili, na huu ndio uliozua ugomvi mwingi. Baadhi ya programu haziwekewi libGL tangu mwanzo. Huanza bila hiyo, kisha katikati ya safari huiita dlopen na kusema: nifungulie libGL.so.1. Hupewa mshiko, na kwa mshiko huo huiuliza dlsym anwani ya kila funksheni. Hapo bawabu wa LD_PRELOAD hupitwa, kwa kuwa swali halikuulizwa hadharani. Limeulizwa chumbani, kwa mshiko wa libGL peke yake. Dawa yake ni kuidaka dlopen yenyewe. Bawabu huangalia jina la maktaba inayotakiwa. Kama si ya michoro, huupitisha wito kama ulivyo. Kama ni libGL, hurudisha mshiko wa maktaba yake mwenyewe, na kuanzia hapo kila jina litakaloulizwa litapatikana kwake kwanza. Ndivyo VirtualGL ifanyavyo. Aidha huidaka glXGetProcAddress, maana funksheni nyingi za viongezo huombwa kupitia hapo.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kazi hii ni nyepesi. Dlopen huangalia ni nani aliyeiita, kwa kuwa baadhi ya maktaba hutafutwa katika njia zilizoandikwa ndani ya faili la mwitaji. Ukijiweka kati, mwitaji amekuwa wewe, na programu iliyokuwa ikizipata maktaba zake inaweza kuzikosa. Ukitaka kuidaka dlsym nayo, unakutana na kitendawili: utaipataje dlsym ya kweli, ilhali chombo cha kutafutia majina ni dlsym yenyewe? Kwa miaka mingi watu waliazima funksheni ya ndani ya glibc iitwayo __libc_dlsym. Katika toleo la 2.34 la mwaka 2021 funksheni hiyo iliondolewa, na vyombo vilivyoitegemea vikavunjika. Waliobaki hutumia dlvsym kwa kutaja toleo la jina wanalolitaka, au huyasoma wenyewe majedwali ya faili. Ni kazi ngumu. Lakini ugumu wa kazi haujapata kuwa ushahidi kwamba kazi hiyo ni haramu.

Sasa nitaje kwa nini nalishikilia jambo hili kwa ukali.

Programu nyingi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliiuliza kadi ya michoro: unajua nini zaidi ya yale ya kawaida? Swali hilo huulizwa kwa glGetString, na jibu lake ni mstari mmoja mrefu wa majina ya viongezo. Enzi hizo majina yalikuwa machache. Mtunzi alitenga nafasi ya herufi elfu chache akajiona mkarimu, akaunakili mstari humo bila kuupima. Miaka ikapita, kadi zikajifunza mengi, mstari ukazidi nafasi, ukamwagika juu ya kumbukumbu ya jirani, na programu ikaanguka kabla dirisha halijafunguka. Tatizo hili linajulikana kiasi kwamba watunzi wa Mesa waliweka njia ya kulikwepa: ukiandika mwaka katika MESA_EXTENSION_MAX_YEAR, viongezo vilivyotungwa baada ya mwaka huo havitajwi. Lakini Mesa humsaidia anayetumia Mesa. Wengine wajisaidie.

Nimeliona jambo hili katika ofisi moja ya upimaji wa ardhi. Walikuwa na programu ya kuonyesha milima na mabonde kwa vipimo vitatu, waliyoinunua kwa fedha nyingi na kwa halali. Mashine ya zamani ikafa, mpya ikaletwa, na programu ikawa inaanguka kila inapofunguliwa. Muuzaji aliulizwa. Akajibu kwamba toleo hilo halihudumiwi tena, wanunue jipya, na jipya halikuwa na njia ya kuyasoma mafaili ya zamani. Kazi ya miaka kumi na miwili, vipimo vilivyochukuliwa kwa miguu, juani na mvuani, ilikuwa imefungiwa ndani ya mafaili yasiyofunguliwa na programu nyingine yoyote. Tulitunga bawabu wa funksheni moja. Akiulizwa viongezo, huiita glGetString ya kweli, huunakili mstari, huukata penye nafasi kati ya jina na jina, huurudisha ukiwa mfupi. Maswali mengine huyapitisha. Programu ikafunguka, milima ikaonekana.

Nauliza: hapo nani aliibiwa? Muuzaji alikwisha lipwa. Programu haikunakiliwa wala kubadilishwa. Kilichofanyika ni kwamba wenye mali walirudishiwa mali yao kwa mistari michache ya C. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini wauzaji wetu wangependa mbachao uchomwe moto kila wanapoleta msala mpya sokoni.

Wapinzani wangu wana hoja mbili, na ni haki nizipe nafasi.

Hoja ya kwanza ni usalama. Husema kwamba mlango huu hupitiwa na wezi pia, na hilo ni kweli. Mwaka 2022 watafiti wa BlackBerry na Intezer walieleza habari za programu haribifu waliyoiita Symbiote, iliyokuwa ikijiingiza katika kila programu kwa LD_PRELOAD na kujificha isionekane, nayo ilielekezwa kwa taasisi za fedha za Amerika ya Kusini na ya Kati. Husema pia kwamba wachezaji wa michezo ya kompyuta hudaka miito ya OpenGL ili kuta ziwe kama kioo na adui aonekane nyuma yake. Nalo ni kweli.

Lakini tuyapime. Mfumo wenyewe umekwisha weka mpaka: programu inayoendeshwa kwa madaraka makubwa kuliko ya aliyeianzisha haiikubali LD_PRELOAD ya mtu yeyote, isipokuwa kwa masharti makali. Anayeweza kuiandikia mashine nzima bawabu wake ni yule aliyekwisha kuwa na madaraka ya msimamizi. Mwizi aliyefika hapo amekwisha kuwa sebuleni; kuung'oa mlango wa jikoni hakumtoi. Na kuhusu kuta za kioo, mwaka 2001 kampuni ya ASUS ilitangaza programu endeshi za kadi zake zenye uwezo huohuo wa kuona kupitia ukuta, na wachezaji wakapiga kelele. Uwezo huo ulikuwa ndani ya programu endeshi yenyewe. Ungewafukuza mabawabu wote duniani, na kuta zingebaki kuwa kioo. Dawa ya udanganyifu huo ni seva ya mchezo kutompelekea mchezaji habari za adui asiyestahili kumwona. Wasemao samaki mmoja akioza wote wameoza wangepaswa kwanza kututazamia samaki walio katika kapu lao.

Hoja ya pili ni kwamba kazi hii ni dhaifu: leo inafanya kazi, kesho glibc inabadilika nayo inavunjika. Nakubali kwamba huvunjika. Lakini sababu yake ni nini? Huvunjika kwa sababu bawabu hakupewa mlango, akalazimika kupita dirishani. Ushahidi ni Vulkan, kanuni za michoro zilizotolewa na Khronos mwaka 2016. Humo mlango umewekwa tangu mwanzo. Kati ya programu na kadi huweza kuwekwa tabaka moja au zaidi, kila moja likidaka wito, likiufanyia lake, na kuupeleka kwa linalofuata. Ukaguzi wa makosa wenyewe hufanywa na tabaka la namna hiyo. Maana yake ni kwamba wakubwa wa fani walikaa wakaandika rasmi kile ambacho wahuni wa OpenGL walikuwa wakikifanya kwa tabu miaka yote. Jambo lililoruhusiwa ukumbini haliwezi kuwa dhambi uani.

Hata hivyo bawabu naye ana wajibu, na asiyeutimiza simtetei. Aseme yupo: anayewekwa kimya kimya katika mashine ya mtu mwingine si bawabu, ni mpelelezi. Apitishe kila asichokuwa na kazi nacho, bila kukipunguza wala kukiongeza. Asiseme uongo ila ule ambao mwenye nyumba ameuomba, kama ulivyokatwa mstari wa glGetString, na uandikwe wazi ili atakayekuja baadaye aujue. Na akiambiwa aondoke, aondoke mara moja. Kufutwa kwa LD_PRELOAD kutoshe kuirudisha programu kama ilivyozaliwa.

Basi namwambia mtunzi wa maktaba: unapoondoa jina ambalo watu walilitegemea, wape njia nyingine kabla hujaziba ile ya kwanza. Namwambia muuzaji wa programu: ukishapokea fedha na kuacha kutoa huduma, huna tena sauti juu ya namna mnunuzi atakavyoifanya iendelee kuishi. Na mwalimu anayefundisha C asiishie kwenye kuchapisha salamu kwenye kioo. Awafundishe vijana dlopen, dlsym na RTLD_NEXT mchana kweupe, darasani, pamoja na adabu zake. Wapo wenye programu za zamani ambazo watunzi wake hawajibu tena barua, na kazi za miaka mingi zimo ndani yake. Hao wanamhitaji bawabu mwaminifu, na mtu huwa bawabu mwaminifu kwa kufundishwa.