Wanaoikimbilia Mashine Haya Wanayo



Siku hizi nawasikia wazee wenzangu wakilaumu: vijana hawana haya, mambo yao ya ndani wanaiuliza kompyuta badala ya kuuliza watu. Mimi nasema kinyume chake. Wanaiuliza kompyuta kwa sababu haya wanayo.

Mwangalie binti anayekwenda duka la dawa kutafuta dawa ya muwasho wa sehemu za siri. Nyuma yake wamesimama jirani, shemeji na mwanafunzi mwenzake. Muuzaji anapaza sauti: "Ya fangasi? Ya kupaka au ya kuweka?" Duka zima limesikia, na jioni mtaa unajua binti wa nani kanunua nini. Ukimwambia muuzaji apunguze sauti, anakuona wewe ndiye mwenye la kuficha! Huyo ndiye tunayetaka vijana wamchague?

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walichapisha utafiti mwaka 2024. Walikuta kwamba mtu anayenunua kitu cha kuonea aibu, kama dawa ya kuharisha, hupendelea kuhudumiwa na programu ya maongezi kuliko binadamu. Na programu hiyo ikipewa sura na hisia za kibinadamu, hamu yake hupungua. Yaani mnunuzi analikimbia jicho la kumhukumu, hata likiwa la kuchora.

Lakini nanyi vijana mnisikilize. Mashine haikucheki, ila inaandika. Mwaka 2023 kampuni ya GoodRx, inayowasaidia Wamarekani kupata dawa kwa bei nafuu, ilikubali kulipa dola milioni 1.5 baada ya serikali kuishtaki kwamba ilipeleka habari za dawa na maradhi ya watumiaji kwa Facebook na Google, kwa ajili ya matangazo. Dukani walikusikia watu watatu. Huko hujui hata idadi yao.

Narudi kwako mwenye duka. Kumsitiri mtu ni wasia wa Mtume wetu (s.a.w.), usidhani unamfanyia mteja hisani. Pokea kikaratasi alichoandika, wala usikisome kwa sauti. Dawa itie kwenye mfuko usioonyesha. Mweke mwanamke awahudumie wanawake, angalau jioni. Tundika pazia pembeni mwa kaunta; kwani kitambaa ni bei gani?