Tuokoe Kwanza, Tutengeneze Baadaye

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililotusumbua sana muhula huu sisi wanachama wa Chama cha Historia, nalo ni ubovu wa diski ya kompyuta yetu.

Wasomaji wengi wajua kwamba chama chetu kilirekodi sauti za wazee wa Kilosa walioyaona mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, wakati mto Mkondoa ulipovunja nyumba za watu na kuikata Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe. Mmoja wa wazee hao ni bibi yangu, mzaa mama. Bibi alifariki mwaka jana, na sauti yake haikuwa mahali pengine po pote ila katika diski ile.

Kompyuta ilianza kwa kukawia. Kisha diski ikawa yagonga ndani kama saa ya ukutani. Fundi mmoja wa Mikumi alipoipima alisema ina sekta mbovu.

Kwa wasiojua, ndani ya diski ya namna hii mna sahani ngumu zinazozunguka, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo huzisoma bila kuzigusa. Sahani zimegawanywa vipande vidogo mno viitwavyo sekta, vya baiti 512 kila kimoja, au 4,096 katika diski za siku hizi. Kipande kisichosomeka ndicho sekta mbovu. Diski hutoka kiwandani na vipande vya akiba vya kushika nafasi ya vibovu. Lakini akiba ina mwisho. Tena kipande cha akiba ni kitupu, hakiwezi kurudisha yale yasiyosomeka.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Baadhi ya wenzangu walitaka tuitengeneze diski mara moja kwa programu ya CHKDSK, iliyomo katika Windows. Walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali hiyo ni ya kweli, lakini nasema hapa si mahali pake. Programu ile, ikiagizwa kupima sekta zote, huichosha diski mgonjwa toka mwanzo mpaka mwisho. Kazi yake ni kuweka utaratibu wa mafaili na kutia alama sehemu mbovu zisitumiwe tena. Haikutengenezwa kwa kuokoa sauti ya mtu, na faili lililoharibika laweza kupotea katika matengenezo yale yale.

Wala wakati wa kungoja haupo. Mwaka 2007 watafiti wa Google, waliochunguza diski zaidi ya 100,000, walieleza kuwa diski ikionyesha kosa la kwanza la namna hii katika upimaji, hatari ya kufa katika siku 60 zifuatazo ni mara 39 kuliko diski isiyo na kosa.

Bibi mwenyewe ametujibu katika rekodi yake. Nilimwuliza walifanya nini maji yalipoingia. Alisema ufa ukutani waliuona, lakini hakuna aliyekwenda kuuziba. Alinifunga mgongoni, nikiwa mtoto wa miezi michache, wakakimbilia mlimani. Nyumba ilijengwa baadaye.

Nasi tukafanya hivyo. Tuliizima kompyuta, na yule fundi akanakili diski yote katika diski mpya kwa programu iitwayo ddrescue. Hiyo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ikaziacha zile ngumu mpaka mwisho. Karibu kila kitu kilipona. Lakini sauti ya bibi imekatika mahali pamoja, pale alipokuwa akitaja majirani waliochukuliwa na maji. Majina hayo sasa hatuna wa kumwuliza.

Kosa hili si la mashine peke yake. Diski zote hufa siku moja. Kosa ni letu sisi wanachama, na mimi mmojawapo, tulioweka kitu cha pekee mahali pamoja.

Kwa hiyo natoa shauri. Kila kazi ya chama iwe na nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae mbali na shule. Diski ikianza kugonga au kukawia bila sababu, izimwe. Mtu asiiwashe kwa kujaribu-jaribu. Matengenezo yaje baada ya kunakili. Na wazazi wetu wenye picha na sauti za marehemu katika kompyuta au simu moja tu, nawasihi wasingoje likizo. Wanakili leo.

Wenzangu wa CHKDSK, kama bado mnabisha, karibuni chamani. Nitawasikilizisha ile rekodi, na pale ilipokatika.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne