Mila Nayo Ipandishwe Kizimbani

Tuliokulia kwenye vibanda vya video tulitoka na picha moja ya mahakama: wakili anasimama, anahutubia, ukumbi unalia, mnyonge anashinda. Hadi leo hapa Morogoro mama akinyang'anywa shamba, ushauri wa kwanza ni atafute wakili mwenye mdomo. Waliomshauri hivyo hawakuzitazama filamu hizo vizuri. Katika To Kill a Mockingbird ya 1962, Gregory Peck anatetea kwa ufasaha wote, na Tom Robinson, mtu mweusi asiye na kosa, anatiwa hatiani vilevile.

Inayotufaa ni 12 Angry Men ya 1957. Humo kazi yote inafanywa na wajumbe 12 wa juri, hakuna wakili anayehutubia. Kijana wa mtaa wa makabwela anadaiwa kumuua baba yake. Kura ya kwanza, 11 wanasema ana hatia. Mmoja wao hafichi kwamba anawachukia watu wa huko. Wameambiwa kisu kilichoua ni cha aina ya pekee. Mjumbe aliyekataa anachomoa mfukoni kingine cha aina ileile, amekinunua jirani na nyumbani kwa mshtakiwa.

Kisu chetu sisi kinaitwa "mila ya Mwafrika". Kikishawekwa mezani, nani atathubutu kukigusa? Holaria Pastory, Mhaya, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza 1988. Mtoto wa ndugu yake akapinga, na mahakama ya mwanzo ikampa haki: mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaipima mila hiyo kwa Katiba, akaikataa.

Sisi kutafuta kisu cha pili hata Mwanza hatuna haja ya kwenda. Panda Matombo au Mgeta: kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata huko. Hao nao si Waafrika? (Sisemi Uluguru ni pepo ya wanawake, mjomba bado ana sauti nzito.) Basi anayetamka "mila zetu" kwenye baraza la ardhi aulizwe: za nani, na nani anakula shamba zikifuatwa? Akiendelea kubisha, asomewe kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kinachobatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Mjumbe yeyote wa baraza anaweza kukisoma, bila joho.