Ukingo wa Mto Si Ua wa Nyuma wa Hoteli

Tumeahidiwa mto msafi. Machi 2025 mpango wa kufufua mito ya Nairobi ulizinduliwa kwa mbwembwe, gharama ikitajwa kuwa Sh50 bilioni, na tangu hapo kila mwanasiasa aliyeshika kipaza sauti ana ndoto yake ya samaki na mashua. Haya, tuseme wamefaulu. Tuseme uvundo umekwisha, majitaka yanapita kwenye bomba lake, na maji ya mto yana rangi ya maji. Wa kwanza kufika pale akitafuta pa kuweka kiti atakuwa nani? Hatakuwa fundi wa Kamukunji anayegonga mabati kutwa nzima hatua chache kutoka mtoni. Atakuwa mwekezaji wa hoteli. Atakuja na mchoro wa ghorofa ishirini, na mto uliosafishwa kwa kodi yako utageuka bidhaa: chumba kinachotazama maji bei hii, kinachotazama barabara bei ile.

Sina ugomvi na hoteli. Zinaajiri vijana, zinalipa ushuru, na mtaa wenye hoteli hauzimi taa saa mbili usiku. Ugomvi wangu ni ukuta.

Tazama majengo mengi makubwa ya jiji hili yaliyopakana na mto. Uso umeelekezwa barabarani: marumaru, bendera, bawabu wa glavu nyeupe. Mgongo ndio ulioachiwa mto: bomba la moshi wa jikoni, jenereta, mapipa ya taka, kreti za soda, na mfereji ambao hakuna anayependa kueleza unamwaga nini. Kisha seng'enge. Mto ulipokuwa unanuka, mpangilio huo ulikuwa na sababu, hata kama ni sababu ya aibu. Mto ukipendeza watageuza kila kitu. Bwawa la kuogelea na meza za mvinyo zitasogezwa hadi kwenye maji, na seng'enge ile ile itahamishiwa pembeni ili usipite. Mto ukinuka wewe uko nje, ukinukia wewe uko nje.

Wanasheria wataniuliza, kwani mto ni wa nani? Kifungu cha 62 cha Katiba kinaiweka mito katika ardhi ya umma. Kanuni za maji zinataka ukingo uachwe wazi kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kutegemea upana wa mto. Jirani zetu wa Tanzania wamekwenda mbali zaidi: sheria yao ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Kwa hiyo sheria ipo. Tatizo ni nani anayekumbushwa. Mafuriko ya 2024 yalipoondoa roho za watu, tingatinga zilielekea Mathare na Mukuru, na watu waliokuwa wamepoteza magodoro kwa maji wakapoteza na mabati kwa serikali. Mgala muue na haki yake mpe: Agosti 2018 tingatinga ziliwafikia matajiri pia, na majengo ya kibiashara ya South End na Ukay yakaangushwa kwa kosa la kukalia njia ya maji. Lakini kubomoa si kupanga jiji. Nataka kujua mchoro unaofuata utakuwaje, na nani ataukataa ukiwa bado ni karatasi.

Wapo wanaosema hoteli na umma haviwezi kukaa ukingo mmoja. Hawa nawapeleka San Antonio, Texas.

Septemba 1921 mto wa mji huo ulifurika na kuua watu wapatao hamsini. Wahandisi wakaja na dawa ambayo sisi Waafrika Mashariki tunaijua sana: zege. Lile pinde la mto linalozunguka katikati ya mji lifunikwe, liwe mtaro wa chini kwa chini, juu yake ipite barabara. Wakazi, wanawake wakiwa mstari wa mbele, wakaanzisha chama cha uhifadhi mwaka 1924 na kuupigania mto wao. Mwaka 1929 msanifu mmoja kijana, Robert Hugman, akapeleka mchoro wa njia za miguu, ngazi na maduka kandokando ya maji, chini kidogo ya usawa wa barabara. Kazi ikaanza 1939 na kumalizika 1941 kwa fedha za serikali kuu za kuwapa ajira wasiokuwa nayo. Hugman mwenyewe alifukuzwa kabla haijakamilika. (Hilo nalo tunalijua.)

Je, watu walikuja mbio? La. Kwa miaka mingi njia ile ilikuwa na sifa mbaya, hadi wanajeshi wa kambi za karibu wakapigwa marufuku kushuka huko. Majengo yalikuwa yameupa mto mgongo, na mahali pasipo na dirisha hata moja linalopatazama pana wenyewe wake. Mambo yalibadilika jiji lilipounda tume, mwaka 1962, ya kukagua kila kinachojengwa ukingoni, na wenye majengo wakaanza kufungua milango upande wa maji.

Ndipo zikaja hoteli. Hilton ya Palacio del Rio ilijengwa haraka kuwahi maonyesho ya dunia ya 1968: vyumba vilitengenezwa kwingine, vikatiwa vitanda na mapazia, kisha vikainuliwa na kreni na kupangwa kimoja juu ya kingine, kazi ya siku 202. Watu hupenda kusimulia habari ya kreni. Mimi napenda zaidi kwamba jengo lile lina nyuso mbili, moja barabarani na moja mtoni, na upande wa mtoni njia ya umma inapita mbele ya migahawa yake bila lango.

Lakini niliyoilenga hasa ni Hyatt Regency ya 1981. Kati ya mto na uwanja wa Alamo, ambao ndio moyo wa historia ya mji ule, palikuwa na majengo yaliyoziba njia. Jiji na mwekezaji wakakubaliana: utajenga hoteli, ila njia itapita tumboni mwake. Na kweli inapita. Mfereji wa maji unashuka kutoka upande wa uwanja kwa maporomoko madogo madogo, unakatiza chini ya ukumbi mkubwa wa hoteli na kukutana na mto. Kando ya mfereji kuna njia na ngazi. Mpita njia anatoka uwanjani, anapita kati ya hoteli ya kifahari akiwa na mtoto mgongoni, anaibukia mtoni, na hakuna aliyemuuliza namba ya chumba. Hoteli haikufilisika. Wageni wake wanalipia kukaa pale penye watu.

Nisije nikaonekana mpambe wa Texas. Leo ukingo ule umejaa watalii na bei za watalii, na ukitaka kukaa bila kununua kitu utatafuta sana. Hilo ni onyo kwetu. Njia ya kupita peke yake haitoshi kuitwa nafasi ya umma. Umma unahitaji pa kukaa bure, kivuli, maji ya kunywa, na choo. Narudia, choo. Jiji ambalo mama anayeuza mboga hulipa shilingi zake kila anapojisaidia halina haki ya kumpa hoteli ukingo wa mto pasipo kudai vyoo viwili vya umma vyenye sabuni.

Na pasiwe na ahadi za mdomo. New York ilijaribu ukarimu mwaka 1961: mwenye jengo akiacha uwanja wa umma chini, anaruhusiwa kuongeza ghorofa juu. Ghorofa ziliongezwa zote. Viwanja vingi vikawa vipande vya zege visivyokalika, vingine na vyuma vilivyopachikwa makusudi ili mtu asikalie kingo. Mtafiti William Whyte alikaa akiwapiga watu picha za filamu katika viwanja hivyo, akagundua jambo ambalo mtoto wa chekechea angemwambia: watu hukaa mahali penye pa kukalia. Mwaka 1975 jiji likalazimika kuandika kanuni za viti, idadi na vipimo. Nasi tuanzie hapo walipoishia. Kibali cha ujenzi kitaje urefu wa benchi kwa mita na saa za kufungua njia, na faini iwe ya kuuma, si ya kulipwa kwa pesa za chai.

Chicago nako jengo jipya likipakana na mto lazima lirudi nyuma futi 30, kama mita 9. Mnara wa msanifu Jeanne Gang uliokamilika 2020, wenye hoteli na nyumba ndani yake, una ghorofa 101, na bado sehemu yake ya kati imenyanyuliwa juu ili watembea kwa miguu wapite chini yake kutoka bustanini hadi mtoni. Mjenzi wa mita 363 kaweza kuinua pindo la nguo. Wa ghorofa kumi na mbili pale Kirinyaga Road atatuambia haiwezekani?

Atasema usalama. Na neno hilo Nairobi halichezewi. Januari 15, 2019 magaidi walivamia jengo la hoteli ya DusitD2, Riverside Drive, wakaua watu 21. Baada ya hapo hakuna meneja anayeweza kulaumiwa kwa kuogopa. Lakini tazama tunavyolinda. Gari linaangaliwa chini kwa kioo, buti linafunguliwa na kufungwa kabla mlinzi hajainama, dereva anapigiwa saluti. Anayekuja kwa miguu ndiye anayehojiwa: unaenda wapi, unamwona nani, acha kitambulisho. Washambuliaji wenye bunduki walifika kwa gari. Ukaguzi uwekwe mlangoni mwa jengo na kwenye lifti, magari yabaki mbali upande wa barabara, na ukingo wa mto, usiofikiwa na gari lolote, uachwe kwa wenye miguu. Njia yenye taa na watu hadi usiku ni salama kuliko kichochoro cha seng'enge.

Kuna kingine ambacho wasanifu wetu wanakijua na hawakisemi mbele ya mteja. Maji hufuata mkondo. Ghorofa ya chini ya hoteli iliyo kando ya mto itaingiwa na maji siku moja, iwe imefunguliwa kwa umma au imezungushiwa ukuta. Basi usiweke pale jenereta, wala swichi kubwa, wala vyumba vya wafanyakazi. Weka ngazi pana za mawe, miti ya asili, vibanda vya chai vinavyohamishika na sakafu ya kuoshwa kwa mpira. Mafuriko yakija yapite, yakiondoka ufagie, na jioni watu warudi kukaa. Nafasi ya umma ndiyo matumizi yenye akili kuliko yote kwa ardhi inayofurika, na kwa mwekezaji ni nafuu kuliko kukarabati jiko kila masika.

Mpangaji wa kaunti, mchoro wa hoteli ya mtoni usioonyesha njia wazi kutoka barabarani hadi kwenye maji uurudishe siku hiyo hiyo. Nawe msomaji, matangazo ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kuomba maoni kuhusu miradi mipya hutoka gazetini, kwa maandishi madogo, kurasa za nyuma. Ukiona la hoteli iliyo kando ya mto, andika barua kabla muda haujaisha, uulize njia ya umma ina upana wa mita ngapi.