Muuguzi mpya asiachwe peke yake usiku

Juma hili tunaweka kando madaftari na mitihani ya watoto, tuzungumze juu ya wanafunzi wa namna nyingine: mabinti na vijana waliokwisha kupata diploma ya uuguzi, na ambao sasa ndio wanaotufungulia mlango wa kituo cha afya saa nane za usiku.

Mtoto akishikwa na degedege, au dada yetu akitokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, mkono wa kwanza utakaomgusa ni wa muuguzi. Katika vituo vingi vya nchi yetu daktari hayupo. Yuko kwenye hospitali kuu ya zoni, na barabara tunaijua wote. Kwa hiyo nani anamlea muuguzi mpya katika kazi ya dharura ni swali letu pia, si la wakubwa wa afya tu.

Wengine wametoka ITM na diploma ya A2, wengine wametoka ISTM na A1. Wote wamefanya staji. Lakini katika staji wanafunzi huwa wengi kitanda kimoja, na wa nyuma huona mabega ya wenzake tu. Diploma inasema kichwa kimesoma. Haisemi kwamba mikono imekwisha kufanya. Sisi walimu tunalijua hilo. Kutoka ISP tulibeba mbinu zote katika daftari, ila namna ya kutuliza darasa la watoto sitini tuliipata kwa mwalimu wa zamani wa chumba cha jirani.

Mwaka 1984 muuguzi na mwalimu mmoja wa Marekani, Patricia Benner, alitoa kitabu juu ya jambo hili. Alifuata kazi ya ndugu wawili, Hubert na Stuart Dreyfus, waliochunguza jinsi watu kama marubani na wachezaji wa sataranji wanavyopata ubingwa. Benner alionyesha kwamba muuguzi hupita ngazi tano, toka mgeni wa kazi hadi bingwa. Mgeni hushika kanuni: pima joto, hesabu mapigo, andika kwenye fishi. Kufika ngazi ya tatu, ya mtu anayeweza kupanga kazi yake mwenyewe, huchukua kama miaka miwili au mitatu katika kazi ya aina moja. Bingwa humtazama mgonjwa mzima na kuona mara moja penye hatari.

Tutoe mfano wa mama aliyejifungua. Muuguzi mpya amefundishwa kwamba damu ikifika nusu lita ni hatari, naye anangoja kuona nusu lita. Mzee wa kazi anaona kwamba mama hatulii, anaomba maji kila mara, midomo imepauka, mikono imekuwa baridi. Hangoji. Anaita msaada, anasugua tumbo ili kizazi kikaze, anachoma sindano ya oksitosini, anatundika serumu. Wote wawili wamesoma somo moja. Tofauti ni kwamba mmoja ameona akina mama wengi wa namna hiyo, tena ameona akiwa na mtu wa kumwambia: tazama hapa.

Miaka peke yake haileti ubingwa. Mtu anaweza kurudia kosa lile lile kwa miaka kumi akaliita ujuzi. Kinachokuza ni kulelewa, na kulelewa kuna utaratibu wake, karibu sawa na ule wa darasani.

Kwanza, kabla ya zamu. Mzee na mgeni wanapita pamoja kwenye vyombo: dawa ya degedege iko wapi, sindano za artesunate zimebaki ngapi, mpira wa kumpulizia hewa mtoto mchanga unafanya kazi au umepasuka. Mtoto asiyepumua baada ya kuzaliwa anapaswa kusaidiwa ndani ya dakika moja, na dakika hiyo haitoshi kutafuta ufunguo wa kabati.

Pili, wakati wa kazi. Mzee anasema kwa sauti anachofikiri. Kwa mtoto wa degedege atasema: namlaza ubavu, naangalia kama anapumua, simtii kitu kinywani, sasa napima sukari, kwa maana malaria kali hushusha sukari. Kisha anampa mgeni sehemu ya kazi. Leo mgeni anatazama, kesho wanafanya pamoja, halafu anafanya huku mzee akitazama, mwisho anafanya mwenyewe na mzee yuko karibu. Mafunzo ya OMS yanayoitwa TETU yanasaidia hapa, kwa sababu yanapanga watoto makundi matatu: wa dharura, wa kutangulizwa, na wanaoweza kungoja. Mgeni akifanya upangaji huo kila siku kwenye foleni, mzee akimsahihisha, jicho lake litafunguka.

Tatu, baada ya kazi. Dakika kumi za kukaa chini: uliona nini kwanza, kwa nini ulifanya hivi, siku nyingine utaanza wapi? Hii ndiyo sehemu inayoachwa zaidi, na ndiyo yenye faida kubwa. Kumfokea mgeni mbele ya wagonjwa si kumfundisha. Aliyefokewa huanza kuficha asichokijua, naye muuguzi anayeficha asichokijua ni hatari kuliko asiyejua.

Tunajua kuna vikwazo. Wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali. Wanaishi kwa prime inayotoka katika pesa za wagonjwa. Mzee halipwi kitu kwa kulea mgeni, na kituo kidogo hakina watu wawili wa kuweka zamu ya usiku. Basi mgeni anapewa usiku, na mzee anabaki na mchana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunampa jembe usiku wa kwanza, tena shamba lenyewe ni uhai wa watoto wetu.

Tunaweza kufanya nini? Kila eneo la afya lina kamati yake, CODESA, na sisi akina mama tuna haki ya kusema humo. Katika mkutano ujao kila kikundi kiulize mambo matatu. Muuguzi mpya analala zamu peke yake tangu mwezi wa ngapi? Akikwama usiku, anamwita nani, na je, simu ina vocha? Mara ya mwisho wauguzi wa kituo walifanya mazoezi ya dharura pamoja ilikuwa lini? Mahali pasipo na watu wawili, titilere au mzee mwingine anayeishi karibu awekwe kwenye orodha ya kuitwa, na vocha ilipwe na kamati. Wauguzi waliostaafu nao wamo katika vikundi vyetu. Tuwaombe asubuhi moja kwa juma.

Nyumbani pia tuna sehemu yetu. Twende na fishi ya mtoto. Tuseme ukweli: homa ilianza lini, tumempa dawa gani, hata ile ya mizizi. Muuguzi mpya akisema “ngoja nimpigie mkubwa wangu,” tusimcheke wala tusiseme hajui kazi. Huyo ndiye anayejua kazi. Wa kuogopa ni yule asiyeuliza kamwe.

Hatusemi upya uwe ruhusa ya dharau. Muuguzi anayetukana wagonjwa au kulala mlango umefungwa ashtakiwe kwa kamati, awe mpya awe mzee. Lakini jambo baya likitokea usiku, kabla ya kuuliza “nani alikosa?” tuulize pia “nani alikuwa pamoja naye?” Jibu likiwa “hakuna,” basi kosa ni la kituo chote, na la sisi tulionyamaza kwenye kamati. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nasi hawa waliopokea watoto wetu mikononi tuwatafutie wa kuwalea.