Wacheni Kulaumu Kioo

Wiki hii nimeona video nyingine ya kuanzisha tangi la samaki. Msee ana tangi jipya, kioo safi, muziki mtamu nyuma. Anamwaga mchanga, anausawazisha na kiganja, halafu anabeba jiwe kama kichwa cha ng'ombe na kuliachilia ndani. Tup! La pili, la tatu, mpaka mlima umesimama. Maji, samaki, mwisho. Sekunde 40, na watu wamejaza alama za moto hapo chini.

Mimi nilishika kichwa, kwa sababu najua sehemu ya pili ya hiyo video, ile hakuna mtu huposti. Ni usiku wa manane, unasikia kitu kimelia "tak" kwa giza. Unashuka kitandani na mguu unaingia kwa maji. Ekstensheni iko sakafuni, imechomekwa. Samaki wanarukaruka kwa zulia. Na kwa sababu hizi keja zetu za Thika na Ruiru zimepangwa moja juu ya nyingine, maji hayaishii kwako.

Kesho yake utasikia wimbo ule ule: "Fundi aliniuzia kioo feki." Hapana, buda. Mara nyingi kioo kilikuwa sawa kabisa. Wewe ndiye ulikivunja, na video kama hizo ndizo zilikufundisha.

Siongei nikiwa juu ya mti. Nilikuwa huyo msee, ghorofa ya tatu, Makongeni, na nilikuwa nimeposti. Tangi langu lilipasuka chini, na maji yakapita hadi kwa mama anayeishi chini yangu, yakalowesha godoro la mtoto wake. Asubuhi nikaenda kumfokea fundi mbele ya wateja wake. Alinisikiza mpaka nikaishiwa na pumzi, kisha akauliza, "Kijana, hilo jiwe uliliweka juu ya nini?"

"Juu ya mchanga, mzee."

Hakuongeza neno. Alirudi kukata kioo chake.

Hesabu ni hii, na si ngumu. Tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45 linabeba karibu lita 180. Lita moja ya maji ni kilo moja. Yaani umeweka magunia mawili ya mahindi ya kilo 90 juu ya kabati lako, na kioo kinayabeba miaka na miaka bila neno. Kinaweza kwa sababu maji hayana kona, yanalala sawasawa. Kina cha sentimita 45 kinakandamiza kila sentimita moja ya mraba kwa gramu 45 tu. Yai ni zito kuliko hiyo.

Sasa leta jiwe la kilo 20 lenye ncha. Likisimama kwenye ncha ya ukubwa wa sentimita moja ya mraba, hapo pekee kioo kinabeba kilo 20, kabla hata hujaweka maji. Hiyo ni zaidi ya mara 400 ya kazi ambayo maji yangekipa pale pale. Kwa hivyo usiangalie kilo pekee. Angalia jiwe linasimama wapi. Na ukiliachilia badala ya kulilaza polepole, umegeuza jiwe kuwa nyundo.

"Lakini si mchanga ndio godoro?" Hapana. Mchanga husogea. Na samaki wanaopendwa sana kwa matangi ya mawe, mbuna wa Ziwa Malawi, kuchimba ndiyo hobi yao. Wanatoa mchanga chini ya jiwe mdomo kwa mdomo, hadi siku jiwe linainama na kuangukia kioo cha mbele. Tena punje moja ya kokoto ikibanwa kati ya jiwe na kioo, umejitengenezea ncha mpya.

"Nitanunua kioo kinene." Nunua, sikatai, unene husaidia. Lakini kioo kinene chenye nukta moja ya mateso bado kinaweza kupata ufa. Na usidhani kioo kilichokazwa kwa moto ndicho dawa. Umeona dirisha la kando la matatu likipigwa na jiwe? Halipati ufa, linageuka punje zote kwa mara moja. Fikiria hayo yakitokea na lita 180 nyuma yake.

"Mimi nilifanya hivyo na halijapasuka." Sawa. Kuna watu pia hupanda boda bila helmeti kila siku na hufika. Hilo haliwafanyi walimu wa usalama barabarani.

Kinachoniuma ni kwamba dawa yake ni rahisi. Kabla ya mchanga, weka chini ya tangi wavu mgumu wa plastiki, ule wa miraba, au kipande chembamba cha lile povu jeupe gumu linalokinga TV mpya kwa katoni. Laza mawe hapo, kubwa kwanza, upande bapa ukiangalia chini. Jiwe la duara la mtoni, kama yale ya Chania, linapendeza kwa kamera lakini husimama kwa nukta moja. Kipande cha jiwe la Ndarugu kilichokatwa na mashine kina tumbo bapa. Sukuma kila jiwe kwa kidole. Likitikisika, lipange upya, au ligundishe na silikoni ya matangi ya samaki, si ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya mawe na vioo vya kando. Mchanga uje mwisho, ujaze mapengo. Hapo mbuna wakichimba mpaka wachoke, jiwe halina pa kuanguka.

Na nje pia, weka pima maji juu ya kabati. Kama tangi lako halina fremu, tandika chini yake mkeka wa mazoezi, ule wa sponji, ili kijiwe au msumari uliotokeza usikiume kioo kutoka chini.

Kazi yote hiyo ni kama dakika kumi. Tunaikata kwa sababu plastiki tupu juu ya kioo kitupu haina mvuto na hailetei mtu wafuasi. Hapo ndipo nina shida na sisi tunaotengeneza hizi video. Kuna kijana wa kidato cha tatu mahali anaiga kila kitu tunachofanya, na pesa za tangi amejinyima miezi. Tukimficha hatua ya kwanza, hasara ni yake, na ya mtu anayelala chini yake.

Mimi nimefuta ile video yangu ya zamani. Godoro la yule mama nililipa. Fundi nilimrudia pia, nikamwomba msamaha mbele ya wateja, kama nilivyomfokea. Jumamosi naposti tangi jipya, na dakika nzima ya mwanzo ni wavu wa plastiki na mikono yangu ikilaza mawe polepole. Ukiboeka, vumilia.