Aliyetoka Jeshini Si Lazima Awe Mlinzi



Juma lililopita, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja aliniita kando akanishauri nimwajiri kijana wa Mbwera awe mlinzi wa usiku hapa parokiani. Kijana huyo amemaliza miaka miwili ya kujitolea katika Jeshi la Kujenga Taifa, hakupata nafasi katika vyombo vya ulinzi, akarudi deltani kwa mashua na begi lake moja. Sifa aliyopewa ilikuwa fupi: "Padri, huyu amepita jeshini, wezi watamwogopa." Nilipomwuliza kijana mwenyewe anataka nini, alijibu kwamba anataka kazi ya miti: kuipogoa, kuiangusha ile inayotishia nyumba, na kupanda mingine. Mzee akacheka. Nami, nasikitika kukiri, nilitabasamu.

Tafakari ya leo inabishana na kicheko kile, pamoja na tabasamu langu.

JKT lilipoanzishwa tarehe 10 Julai 1963 halikuitwa Jeshi la Kulinda Mageti. Jina lake lasema kujenga. Kila mwaka viongozi huwakumbusha vijana wa kujitolea kwamba JKT si ajira, na maneno hayo ni ya kweli. Lakini kama si ajira, basi ni shule, na shule hupimwa kwa kile ambacho mwanafunzi anaweza kukifanya atokapo. Aprili 2021, vijana 854 walipositishiwa mikataba yao baada ya kugoma na kuandamana wakidai kuajiriwa, wengi wetu tulilaumu utovu wa nidhamu. Sikatai lawama hiyo. Nauliza tu: walikuwa wameonyeshwa mlango gani mwingine?

Huku kwetu kuna jambo zito zaidi, linalosemwa kwa kunong'ona. Tangu mauaji ya 2017, ambapo askari polisi 8 waliuawa kwa siku moja mwezi Aprili na viongozi wa vijiji nao wakauawa, kijana wa Kibiti anayejua kushika silaha hutazamwa mara mbili. Tunamtaka awatishe wezi wetu, na papo hapo tunamwogopa. Huo ni unafiki, ndugu zangu. Mtu hawezi kuanza maisha kijijini akiwa kitisho cha kukodiwa.

Sasa, kazi ya miti ni kazi ya wajinga? Wengi hudhani yatosha kuwa na panga, kifua na ujasiri. Hebu tuitazame. Tawi zito huanza kukatwa upande wa chini, kidogo tu, mbali kidogo na shina, ndipo msumeno upite juu; bila hivyo tawi huanguka likichana gome hadi kwenye shina. Kisiki cha tawi kinachobaki huondolewa mwishoni, bila kugusa ule uvimbe ambapo tawi lilizaliwa, kwa maana hapo ndipo mti huanza kufunga kidonda. Mti wa kuangushwa huchongwa pengo upande unakotakiwa kulala, kisha hukatwa kwa nyuma, lakini si kwa kupitiliza: huachwa utepe wa mti katikati ufanye kazi ya bawaba na kuuongoza mti unapoanguka. Anayeikata bawaba hiyo amejitia mikononi mwa mti.

Na kila mti una tabia yake. Mwembe hufunga kidonda chake. Mnazi haufungi kamwe, na vidato alivyochonga babu ili akwee vitabaki hadi mnazi ufe. Mchu ukikatwa waweza kuchipua. Mkoko wenye mizizi iliyosimama kama miguu ya kaa ukikatwa chini ya majani yake umekufa. Karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara imo katika delta hii. Kijana anayejua tofauti hiyo ni hazina kwa Mbwera, na ni mlinzi wa kweli kuliko yule tunayetaka asinzie getini kwetu.

Mtu atasema: deltani kukata mikoko bila kibali ni kosa, tusije tukafundisha uharibifu. Sawasawa. Ndiyo maana nataka afundishwe, kwa sababu msitu hauharibiwi na aliyejifunza kuutunza. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu Mei 2024, ilitosha kutazama miti mikubwa inayoegemea nyumba ili kujua kwamba tunahitaji watu wa kazi hii kabla ya upepo, si baada yake.

Uingereza tangu 1998 wana mpango maalumu wa kuwaandaa wanajeshi wanaostaafu kwa kazi za uraiani, na wapo wanaochagua kazi hii hasa ya miti. Si ajabu. Askari amezoea kamba, amezoea kukagua chombo kabla ya kukitumia, na hatembei chini ya mwenzake aliye juu mpaka asikie amri. Sisi tuna chuo cha misitu Olmotonyi na kituo cha mafunzo ya misitu Mafinga. Tazameni ramani: JKT lina kambi Oljoro, mkoa uleule wa Arusha, na lina kambi Mafinga palepale. Ni vijana wangapi huvushwa barabara hiyo kabla ya kupewa nauli ya kurudi kwao? Tena VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Wakwezi wetu wa minazi wangeupata, na mtoto wa Mbwera angejifunza kwao akiwa nyumbani.

Isaya aliona mikuki ikifuliwa iwe miundu, chombo cha kupogolea. Nimelihubiri somo hilo Majilio mengi. Sikumbuki hata mara moja kusema kwamba aliyeushika mkuki naye anahitaji kufundishwa kuushika muundu, na kulipwa akiushika.

Nimefika kwenye malipo, nami sitazunguka. Tunamwita kijana, tunamwonyesha mwembe mrefu kuliko kanisa, tunambishia bei kama anauza mchicha, kisha anapanda miguu mitupu, bila kofia wala kamba. Akianguka tunapitisha kapu la mchango. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015 ni wa walioajiriwa; huyu wa kwetu hana mwajiri, ana wateja tu, na wateja hao ni mimi na ninyi.

Jumanne kijana alikuja na orodha yake, imeandikwa kwa mwandiko wa kambini, herufi zote kubwa: kamba mbili, mkanda wa kukwea, kofia ngumu, miwani, glavu, chenso ya kukodi kwa siku mbili, na mtu wa pili wa kukaa chini kuushika mwisho wa kamba. Bei yake ni mara tatu ya ile tuliyomlipa aliyekuja mwaka jana. Nimeiweka orodha mezani kwa Halmashauri ya Walei, nikaitia sahihi yangu. Mwembe ulioegemea paa la sakristia utapogolewa Jumamosi asubuhi. Watoto wasikaribie.